Mama Mkwe Hawezi Kumgusa

Kagure uko? Usipige simu, mume wangu Muchangi amelala.

Leo ametoka kuchuna majani chai akajilaza kwa kiti, mimi nikaenda kukama. Mara akaamka. Macho wazi, lakini mwili umekataa kabisa. Na kuna kitu cheusi kimemkalia kifuani, kinampumulia shingoni!

Hapo ndipo mama yangu akaingia. MAMA!

Akamsalimia. Kimya. Akamsalimia tena. Muchangi anamkodolea macho tu. Mtu hawezi hata kukaa kiti kimoja na mama mkwe wake kwa heshima, leo hajibu salamu!

Kumbe ndani anapiga nduru, "Mama niguse! Niguse tu!" Sauti haitoki. Na kwetu mama atamgusaje mkwe, Kagure? Ameona hadi machozi yakimtoka, akageuka.

Akageuka akamwacha na hicho kitu!

Mama amenipata kwa ng'ombe amekasirika: "Wambeti, bwana yako amelewa mchana hivi?"

Nimemkuta amelowa jasho, analia kama mtoto. Nimempigia Winrose, yule nesi, akasema si mapepo, ni uchovu, akili imeamka kabla ya mwili. Eti ikimshika tena ajaribu kusogeza kidole cha mguu, na mtu akimgusa akamtikisa inaisha.

Sasa amekataa kulala mpaka nimshike kidole gumba cha mguu, kikicheza nimwamshe. Ndiyo maana nakuandikia na mkono mmoja.

Woi Kagure. Kidole kinacheza.

Ngoja.