Sauti Yako Kwenye Machimbo ya Tumba

Norsborg, Stockholm

Mama yangu mpendwa,

Naomba barua hii ikukute goti limetulia na kuku wako hawajaibwa wote. Sisi huku wazima. Wajukuu wanakusalimu kwa Kiswidi. Kiswahili wanakisikia, kujibu hawataki.

Ndugu yangu Furaha ameniambia umegeuza picha yangu iangalie ukuta, na kanisani umesema, "Bahati anatengeneza kitu kilichomuua baba yake." Nimeumia, Mama. Nilifika huku bila cheti, nikajifunza kuchomelea huku nikifagia karakana ya watu. Leo kila bomba la roketi linapita mikononi mwangu. Roketi zetu ni nyembamba, za bei nafuu. Zinapanda kilomita themanini na vyombo vya chuo kikuu, zinapima hewa ya juu, zinarudi chini kwa mwavuli. Hazimtafuti mtu.

Ila kuna jambo limetokea, na ni afadhali ulisikie kwangu.

Mwezi uliopita tulijaribu injini kwenye machimbo ya mawe nje ya Tumba. Tuliifunga chini, tukakaa nyuma ya magunia ya mchanga: mimi, Ndayi yule Mrundi, na Lars mwenye karakana. Injini ilikuwa imelala garini kwenye baridi kali, baruti yake ikapata ufa tusiouona. Hesabu ni rahisi: ufa unaongeza sehemu ya kuungua, gesi inazidi, na bomba nililolipima kwa shinikizo mara mbili ya kawaida likapewa mara nne.

Tulipoiwasha, Lars aliinuka kutazama. Aliinuka vilevile kama Baba alivyoinuka pale mlangoni, siku roketi ilipotua uani kwetu Uvira. Mngurumo ukabadilika, nikausikia tumboni kabla ya masikioni. Nikapiga kelele, "Laleni!" Kwa sauti yako kabisa. Ndayi alikuwa ameshalala kifudifudi, anakula theluji. Lars akanigeukia: "Umesemaje?" Bomba likapasuka, kipande cha chuma kikamkata mkono wa kulia kwenye kiwiko. Damu ilinirukia usoni ikiwa ya moto. Nilimfunga kwa mkanda wangu, nikiuvuta kwa meno, naye ananipiga kwa mkono uliobaki nimwachie.

Hospitalini mdogo wake Per, tunayefanya naye kazi, alinikaba koo. "Ungesema Kiswidi angekuwa na mkono." Nikamvunja pua. Lakini alisema kweli, na hilo ndilo linaloniuma. Miaka yote hii nakizungumza, siku ile hakikuja.

Nilitaka kuacha kazi. Lars akanikatalia akiwa kitandani. "Kwanza nifundishe hilo neno."

Jumatano tulirudi machimboni na injini nyingine, hii imelala ndani kwenye joto. Lars alikuja, mkono mmoja wa koti umepigwa fundo. Kabla ya kuwasha alitupanga wote, hata Per mwenye plasta puani, kisha akapaza sauti, matamshi yamepinda: "Laleni!" Tukaanguka kwenye theluji, Wazungu kwa Waafrika, mikono kichwani, kama ulivyotulaza mimi na Furaha chini ya kitanda. Injini iliungua vizuri mpaka ikazimika yenyewe. Hakuna aliyeinuka kutazama.

Nisalimie Furaha, mjomba fundi viatu, na mchungaji. Mchungaji mwambie nilivyokueleza, kama ulivyomweleza yale mengine kanisani.

Nitapiga simu Jumapili mkitoka ibadani. Ukipokea, nitajua umeigeuza tena picha, haiangalii ukuta.

Mwanao uliyemlaza chini akabaki hai,
Bahati