Baba na Nyuki Ndani ya Kitabu cha Kwenye Simu

Utemini, Singida

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti limeacha kuuma? Mvua imeshafika huko Rungwa? Mimi ni mzima, na kazi bado ninayo, ingawa wiki hii nusura niipoteze kwa sababu yenu wewe na Baba.

Unajua ofisini tunatengeneza vitabu vya kusomea kwenye simu. Siku hizi tunaviwekea sauti na video: unasoma, unagusa picha, mtu anaanza kuongea. Nilipopewa kitabu cha ufugaji nyuki, nikakumbuka nilivyomrekodi Baba akifungua mzinga nyuma ya nyumba. Nyuki walipochachamaa niliiacha simu juu ya kisiki ikiendelea kurekodi, nikatokomea kwenye shamba la ufuta. Basi nilikata kile kipande cha mwanzo, Baba akieleza kwa upole. Kumbe kitabuni nimepachika video nzima!

Siku ya kukionyesha, ukumbi ulijaa wafuga nyuki. Bosi akasoma kwa sauti nzito, "Mfugaji huukaribia mzinga kwa utulivu," akagusa picha. Baba akatokea: "Nyuki ukimheshimu, naye..." Hakumaliza. Alitupa bomba la moshi wa kutulizia nyuki, akapita mbio, shati kichwani. Halafu sauti yako, Mama, kwenye spika zote: "Baba Neema, usije huku! Nafunga mlango!"

Bosi akabonyeza azime, sauti ikazidi. Baba anagonga: "Mama Neema, ni mimi!"

"Najua ni wewe. Uko na nani?"

Watu walicheka hadi viti vikaanguka. Bosi alinitazama, nikajua nafungasha virago. Ndipo mama mmoja mfuga nyuki akasimama, anafuta machozi. "Hiyo msiitoe. Kuvaa kofia ya wavu tumefundishwa. Waliobaki nyumbani nani kawafundisha?"

Sasa kitabu kina sura mpya, ya walio nyumbani, na bosi anaomba sauti yako ibaki. Lakini lazima mkubali wote wawili, na Baba amewatangazia majirani kwamba hakukimbia. Mwambie akishashiba. Binamu Yohana, anayekuletea barua hii, anacho kitabu kwenye simu yake. Mkikataa, naitoa video.

Nisalimie bibi mzaa Baba, na shangazi Zainabu mpika maandazi.

Watu wananiuliza kama ulimfungulia, maana video inaishia akigonga. Mimi niliporudi kutoka kwenye ufuta niliwakuta mnakula kimya, nikaogopa kuuliza. Nimewaapia kwamba ulifungua. Mama, ulifungua?

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Neema