Moto Juu ya Mwamba wa Kuluba

Jumanne, 2 Februari 1993
Nyundo tangu alfajiri. Mkono wa kulia umevimba. Nilitoka Mwanza nikidhani nimeyakimbia mawe. Yamenifuata ng'ambo ya mpaka hadi Koboko. Mtaalamu wa miamba anataka graniti ya ndani, isiyooza kwa mvua. Yeye yuko Arua hadi Ijumaa. Msimamizi wake anataka magunia manne kabla hajarudi. Yusufu, mwenzangu wa nyundo, mtu wa hapa Kuluba, amepiga mpaka mpini umevunjika.

Jumatano, 3 Februari
Nimefanya kama kwetu. Nikapanga kuni juu ya mwamba, nikawasha moto, ukawaka hadi adhuhuri, kisha nikaumwagia mwamba maji. Ukapasuka wenyewe. Yusufu hakuwahi kuona njia hiyo, alisita. Msimamizi aliona tangu mwanzo. Alichoma muhogo wake pale pale, akanisifu. Magunia yamejaa.

Ijumaa, 5 Februari
Mtaalamu ameona masizi kwenye kipande kimoja, akakaa chini kama mfiwa. Ndipo leo, baada ya mwezi mzima, tukaelezwa tunavunja mawe ya nini. Ndani ya graniti mna saa, anasema. Kuna punje ndogo ngumu zinazotunza umri tangu jiwe lilipoganda kutoka uji wa moto. Punje hizo, moto wa kuni hauziwezi. Lakini vibamba vyeusi vinavyong'aa hufungia gesi tangu jiwe lilipopoa. Ukivichoma, gesi hutoroka na hesabu inaharibika. Alitaka kulinganisha na mawe ya Logiri, kusini ya Arua, umri na kemikali, ajue kama huku na kule zilikuwa nchi mbili zilizogongana zikashikana.

Maneno mazuri. Kwa nini hakuyasema siku ya kwanza? Hata punda huonyeshwa njia.

Akauliza nani aliwasha. Msimamizi, bila kupepesa macho: Yusufu. Akaongeza kuwa watu wa Koboko ni watoto wa askari, kuchoma wamerithi. Yusufu kaachishwa kazi papo hapo.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao. Nilinyamaza. Mwoga mimi.

Jumamosi, 6 Februari
Nimekwenda kwa Yusufu. Mkewe alinipa kiti, salamu hakunipa. Nilingoja matusi. Yusufu hakutukana.

"Baba yangu ilikuwa askari, kweli," alisema. "Mimi iko mutu ya nyundo. Jina yako mimi hapana sema. Sema wewe mwenyewe."

Vita vilipofika huku, baada ya serikali ya wanajeshi kuangushwa, nyumba ya baba yake ilichomwa moto. Walikimbilia Zaire, wakakaa miaka. Ndiye huyo leo anaitwa mchomaji, na mtu aliyeota moto wangu akishiba muhogo! Nimerudi na hasira. Nusu yake ni juu yangu.

Jumatatu, 8 Februari
Nimesema. Mbele ya wote. Kwamba kuni ni zangu, maji ni yangu, na muhogo ni wa msimamizi. Akaniita mzushi. Mtaalamu alimtazama, akatazama chini. Kisha akaamua: Yusufu arudi kazini, mimi niondoke. Msimamizi anabaki na cheo na kalamu yake. Hiyo ndiyo haki ya wenye viatu.

Jumanne, 9 Februari
Lori la Arua lilichelewa. Nikapita mwambani. Yusufu alikuwa upande wa pili, ambao haukuguswa na moto, peke yake. Nikamshikia patasi, akapiga. Kipande kilipotoka kilikuwa baridi, kijivu, vibamba vyake vikimetameta. Akakitia guniani, kisha akasogea kidogo nami nipate kivuli.