Shanga Zilizochomwa Kinyerezi

Kinyerezi, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo umepoa? Na baba, kile kikohozi kimemwacha? Mimi afya ninayo, ila nimejaa hasira. Naandika kwa sababu simu ni ya shangazi, na nikiongea hukaa karibu akasikiliza. Barua hii ataileta mjomba Hamisi kwa basi lake kesho.

Najua shangazi ameshakupigia kwamba nimeanza uganga na Ijumaa ananirudisha Kilwa. Mama, sikufanya uganga. Nilifanya kazi ya baiolojia.

Mwalimu alitutaka kidato cha tatu tutengeneze vitu vya kuonyesha siku ya wazazi. Nikachagua chanjo ya malaria. Kimelea kinapoingia na mate ya mbu huwa kimevaa protini kama koti, na katikati ya koti hilo kuna mpangilio wa vipande vinne unaojirudia tena na tena. Chanjo huuonyesha mwili sehemu hiyo mapema, nao mwili hutengeneza kingamwili za kuikamata. Basi nikatunga shanga: nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, halafu naanza upya. Kingamwili nikazifanya kwa vibanio vya nguo, nikavifunga viwiliviwili, maana kila moja ina mikono miwili. Vikibana vingi pamoja vinaegemeana, na uzi unajipinda. Niliposoma kwamba kingamwili zenyewe huegemeana hivyohivyo, nilicheka peke yangu chumbani.

Shangazi akaikuta kazi hiyo chini ya kitanda.

"Mwanaidi! Nyekundu, nyeupe, nyeusi! Nani kakutuma?"

"Shangazi, hiyo ni protini."

"Protini ni maharage! Mie nimesoma mpaka la saba, hunidanganyi!"

Akaitumbukiza kwenye jiko la mkaa, pamoja na vibanio vyake mwenyewe alivyokuwa akivitafuta wiki nzima.

Siku ya wazazi nikaenda shule mikono mitupu. Mwalimu akaniuliza kazi yangu iko wapi. "Imechomwa," nikasema, na watu wakacheka. Unanijua, mama, hata chumvi kwa jirani naogopa kuomba. Siku hiyo hasira ilinisukuma. Nikawapanga wenzangu wanane, wakashikana mikono: wa sweta, wa shati, wa sweta, wa hijabu, kisha wengine vilevile. Mimi nikawa kingamwili, nikawakamata. Nikaeleza mpaka mwisho, tena kwa sauti. Shangazi hakuja.

Kinachoniuma ni hiki. Mdogo wangu Zuhura alipopata degedege la malaria, ni shangazi huyuhuyu aliyembeba kumpeleka kwa mganga, siku mbili nzima kabla ya hospitali. Leo anaburuta mguu. Shanga alizofungwa mkononi siku ile zina rangi hizohizo tatu, na hakuna mtu aliyezitia motoni. Zangu za shule ndizo zimeonekana za kichawi!

Usikubali nirudishwe, mama. Mpigie shangazi kabla ya Ijumaa, na bibi pia aongee naye, maana shangazi hawezi kumkatia simu mama yake mzazi.

Nisalimie baba, bibi, na jirani yetu mshona kofia. Zuhura mbusu. Kisha chukua mkasi, mkatie zile shanga mkononi, unitumie kwa mjomba. Nitazipanga upya: nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeusi.

Mwanao akupendaye,
Mwanaidi