Wa Mkekani Nao Wakachagua

Malindi

Kwa mama yangu Faida, Lamu.

Shikamoo, mama. Mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Je, miguu yako bado yavimba? Anayekusomea barua hii asiwe mtu wa nyumba ile ya bwana wako. Akiwa ndiye, mnyang'anye. Mimi naandikiwa na mke wa mwalimu wa chuoni, aliyeyaona yote.

Bibi mkubwa wa chama chetu cha ngoma ya lelemama amefariki, Mungu amrehemu, nasi tukakutana uani kumchagua mwingine. Bi Salma, niliyeletwa naye huku alipoolewa, aliutaka ukubwa. Mshindani wake alikuwa Bi Rukia, mpole, alaye nasi sinia moja. Ikaamuliwa kila mtu asimame nyuma ya amtakaye. Sisi tulioachwa huru utumwani tukaenda kwa Bi Rukia, upande wake ukawa mrefu.

Bi Salma akasema, "Ngojeni. Wanachama ni wenye baba zao. Asiyeweza kumtaja babake akae kando."

Wenzangu wakainamisha vichwa, wakaketi mkekani. Mimi sikuketi. Nimewapigia pembe wakicheza, nimewapikia kila karamu. Nikasema, "Babangu namjua, mama kaniambia. Ni baba yako wewe, Bi Salma. Na sheria yasema mtoto wa bwana kwa suria ni mtoto."

Bi Salma akacheka. "Baba ana punda pia. Wazaliwao bandani nao ni ndugu zangu?"

Ua mzima ukacheka, mama. Na wa mkekani wakacheka.

Akachaguliwa yeye. Vigelegele havijaisha, akasema, "Huyu kamtukana baba yangu. Atakaye atolewe chamani, aje upande wangu. Kwa hili kila mtu ana neno. Inukeni nanyi wa mkekani, mama zangu." Mama zangu! Hajapata kuwaita hivyo.

Wakainuka mbio. Nikamtazama Faraja, ninayelala naye chumba kimoja, niliyemkanda alipojifungua. Alijitanda kanga vizuri, kama aendaye harusini.

"Faraja!"

"Niache, Zafarani. Leo nami nahesabiwa."

Akavuka. Bi Rukia akavuka, macho chini. Huyu anayeniandikia naye alivuka. Nimemwambia aliandike na hilo.

Nisalimie mama mdogo muuza mahamri, na mjomba mwashi. Mzee wa nyumba ile akikuuliza habari za binti yake wa Malindi, mwambie ameshinda.

Mimi mwanao,
Zafarani