Chumba cha Dada

7 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, mama naye mzima, ila magoti yanamsumbua kila akinyanyuka. Wifi yangu na watoto hawajambo?

Ramani imefika. Tuliitandaza kitandani mimi na mama, akafurahi mpaka akasahau kumeza dawa. Fundi naye ameipitia. Anasema nyumba itabeba ghorofa, mradi nguzo zianzie chini, na ngazi itapanda pale ninapoweka cherehani. Sawa, cherehani ina miguu, itahama.

Lakini nimeona, mdogo wangu. Huko juu wifi ana chumba chenye baraza la kutazama barabara, na bafu lake mwenyewe. Watoto kila mmoja na chake. Halafu chini, nyuma ya jiko, kuna kibanda chenye kidirisha kimoja, umeandika "chumba cha dada". Aliye juu mngoje chini, basi nitamngoja hapo hapo jikoni. Naona wivu, sikufichi. Wifi huja hapa mara moja kwa mwaka, na akikaa sana anaanza kuulizia nauli ya kurudi. Mimi ndiye ninayeamka usiku kumshika mama mkono aende msalani.

Ila chumba ni chumba. Tangu nizaliwe sijawahi kuwa na mlango wangu. Nakuomba uongeze dirisha la pili, na kitasa chenye ufunguo.

Dada yako

19 Machi

Shikamoo dada,

Huku tu wazima wote. Barua yako imenichekesha mpaka wifi yako akaja kuuliza kulikoni. Kile si chumba chako jamani, ni cha dada wa kazi! Tutaajiri msichana akusaidie kumtunza mama, maana tunajua umechoka. Wewe tukuweke nyuma ya jiko kweli?

Wewe utaendelea kulala na mama kama kawaida, amekuzoea. Mwambie fundi achimbe mashimo ya nguzo kabla ya mvua.

Mdogo wako

2 Mei

Shikamoo dada,

Kimya chako kimetutia wasiwasi. Mama hajambo? Fundi ananiambia umemsimamisha, na mchanga uliomwagwa uani haujaguswa. Nimekukosea nini?

Mdogo wako

11 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo, anakula vizuri.

Wifi nilimwonea wivu, kisha nikajisemea, ni mkeo, lazima awe na pake. Watoto nao ni watoto. Lakini huyo msichana hata hajapatikana. Hajampa mama hata glasi ya maji, na wewe umemkumbuka ukamchorea mlango. Sasa namwonea wivu mtu ambaye hajaja. Umeona uliponifikisha?

Fundi anaanza kesho. Nyumba ni ya mama, na mama anaitaka ghorofa yake. Ila usihangaike kutafuta mtu. Nasikia hapa nyumbani kuna kazi ya dada, nami naiomba. Kupika najua, kufua najua, na mgonjwa namjua hadi anavyopumua. Mshahara tutaelewana. Nitakaa kwenye kile chumba chenye kidirisha, na Jumapili nipumzike kama wenzangu.

Tena ukiniandikia, acha kuniamkia. Bosi hamwambii dada wa kazi shikamoo.

Dada