Kona ya Zena

Kondo, unaikumbuka Idi Mosi ya tisini na nne, mke wangu Zena alipogongwa na pikipiki ya mashindano, kakaa zake konani anauza vitumbua? Basi leo wamemaliza kazi.

Wakubwa wamekuja hapa Kibiti kuitafuta njia ya zamani, ya zile mbio za pikipiki za enzi za ruksa, wanataka kuzirudisha. Wanamwaga chokaa barabarani, mwenyekiti wetu wa mtaa yuko mbele kashikiwa mwavuli. Chokaa ikafika msikitini, ikakata kulia. KULIA, Kondo! Na kulia kuna nini? Gesti ya mwenyekiti.

Nikasema, "Mbio zilikata kushoto, zikapita Kona ya Zena."

Afisa michezo, mtoto wa juzi, ananiambia, "Mzee wangu, kona hiyo kwenye ramani haipo."

Mwenyekiti akacheka. "Huyo Mfaume, kila kitu Zena. Hata mvua isiponyesha, Zena."

Watu wakacheka, Kondo. Wakacheka! Na ndiye mwenyekiti huyohuyo aliyepeperusha bendera ya mbio siku ile.

Nikasimama juu ya chokaa yao nikamuuliza, akajifanya anapokea simu. Nijibu wewe uliyekuwepo: kama mbio hazikupita kushoto, Zena aligongwa na nini?